Sauti ya Mwalimu kwenye Mdomo wa Papa

Sauti ya Mwalimu ilipotoka kwenye mdomo wa Mzungu, ukumbi mzima wa parokia uliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha dharau. Ni kile cha watu waliomwona ndugu yao kwenye televisheni wasiamini macho yao. Kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, kadinali mmoja mzee, mashavu mekundu, alikuwa anakuna kidevu na kulalamika kwamba yeye alikuja kupiga kura tu, hakuja kuchaguliwa; na sauti ilikuwa ile ile inayowaamsha waumini wanaosinzia wakati wa somo la pili.

"Mwalimu! Umekuwa mweupe lini?" mtu alipayuka kutoka nyuma.

"Usimwite Mwalimu, mwite Baba Mtakatifu!" mwingine akajibu, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu mwenyewe alikaa benchi la mbele, katikati ya mkewe na binti yao, mikono ameibana magotini, akitabasamu kwa aibu. Alikuwa katekista wa parokia ile. Ndiye aliyewafundisha watoto sala, ndiye aliyeongoza ibada Padri akiwa hayupo, na kwa kuwa Padri alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, ndiye aliyezika. Watu walimwita Mwalimu, mkewe naye alimwita Mwalimu, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limelala tu kwenye kitambulisho.

Binti ndiye aliyemwingiza kwenye filamu. Alifanya kazi katika studio inayotia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje, na ilipokuja hii ya kadinali anayechaguliwa kuwa Papa na hataki, waigizaji wa kawaida wa sauti walishindwa nayo. Kila waliposema "Ee Mungu wangu" ilisikika kama tangazo la sabuni. Binti akamwambia bosi wake, "Mtu ninaye, nyumbani." Kazi ilipokwisha, studio iliiruhusu parokia kuionyesha filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, na Padri akalitangaza jambo hilo baada ya Misa kwa majivuno, utadhani sauti ilikuwa yake.

Basi watu walicheka, wakaguna, wakaona huruma. Yule mzee wa kwenye shuka akajifungia katika chumba cha mavazi ya ibada. Makadinali wenzake wakapiga magoti nje ya mlango wakimbembeleza atoke avae, dunia inamsubiri. Ndani, kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa shuka zima.

"Siwezi," alisema kwa sauti ya Mwalimu. "Mchagueni mwingine."

Mdomo haukunyamaza.

"Nimechoka kuzika watoto wenu. Mkifiwa mnanijia mimi. Mimi nikifiwa nimwendee nani? Nazika, nanawa mikono, nikikaa nile naitwa tena. Sikuiomba kazi hii. Niacheni, jamani, niacheni na mimi nilie."

Katikati ya ukumbi aliinuka mwanamke mrefu aliyeuza mkaa sokoni, watu wakimwita Mama Mkaa. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, akapita mbele ya mwanga wa projekta, kivuli chake kikamfunika Papa, akatoka nje. Mwalimu alikuwa amemzikia watoto wawili. Mlango ulipofungwa nyuma yake, wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Filamu iliendelea peke yake. Mwishoni yule mzee alitoka kwa mlango wa jikoni, begi mkononi, akapotelea mitaani kama mtu mwingine yeyote. Waliobaki hawakupiga makofi. Walikunja viti, wakakunja na shuka, wakaagana kwa sauti za chini.

*

"Yale maneno aliyaandika nani?" mke wa Mwalimu aliuliza walipofika nyumbani, hata viatu hajavua.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa, mali ya parokia. Anayekaa humo ni katekista, na anayeacha kuwa katekista hakai humo. Hilo halikuwa limewahi kusemwa na mtu, kwa sababu halikuwa limewahi kuhitajika kusemwa.

Binti alikaa ukingoni mwa kiti. "Mama, kazi yetu ni ya midomo," alisema. "Maandishi ya Kiswahili yanakuja mafupi, mdomo wa mtu kwenye filamu unakuwa mrefu. Pale paliandikwa 'Siwezi, mchagueni mwingine,' basi. Lakini yule mzee bado anaongea. Nikamwambia Baba, jaza. Sema lolote linaloendana, usinyamaze mpaka afunge mdomo."

"Na wewe ukasikia anachokisema ukaacha?"

"Sikusikia, Mama. Nilikuwa naangalia midomo. Ilikaa sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, mara ya kwanza tu! Watu hurudia mpaka koo likauke." Akaanza kulia. "Tulimpigia makofi. Studio nzima tulimpigia makofi."

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango wa chumbani, kofia bado mkononi. "Nilimtazama yule mzee usoni," alisema, "nikasema alichokuwa anasema."

"Anasema kwa lugha yao huko, wewe utajuaje alichosema?" Mkewe aligeuka. "Katika filamu nzima, Mwalimu, hakufa mtoto hata mmoja. Hata mmoja! Unadhani watu hawakuliona hilo?"

"Naweza kukifuta kipande kile," binti alisema haraka. "Baba aje turekodi upya, kabla hawajaipeleka kwenye televisheni."

"Kwenye filamu utafuta. Masikioni mwa watu utafuta kwa kitu gani?"

Mwalimu aliingia chumbani akavua shati lake la Jumapili. Alikuwa ametoa ya moyoni mara moja maishani mwake, na hata hiyo moja aliitoa akidhani anamsaidia mwanawe kazi.

*

Wiki ile watu walimwonyesha kinyongo chao. Dukani, vijana waliokaa kwenye kreti za soda walimsalimu "Shikamoo, Papa," kisha wakaangaliana. Mwenye duka alimhudumia wa mwisho, hata baada ya watoto waliotumwa kiberiti. Wanakwaya waliokuwa wanapiga soga barazani walinyamaza alipopita, na alipokwisha kupita wakaendelea. Mkewe alirudi kutoka bombani na ndoo nusu, akasema maji yalikatika. Maji hayakukatika. Alishindwa kukaa foleni.

Halafu akafa mzee mmoja mtaa wa chini. Mwalimu aliposikia kilio alivaa kanzu yake nyeupe, akachukua kitabu cha ibada, akakaa ukingoni mwa kitanda kungoja kuitwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote: analia mtu, inabishwa hodi. Saa zikapita. Wafiwa walikuwa wametuma pikipiki ikamlete katekista wa parokia ya jirani, na mchana jeneza likapita njia ile ile chini ya dirisha lao. Mkewe alilifunga dirisha ili Mwalimu asione, kisha akalifungua ili watu wasidhani wamejificha.

Alipogeuka, alimkuta mumewe amejilaza na kanzu yake vile vile, amelala fofofo. Alilala mchana kutwa, mdomo wazi, kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali. Mkewe alikaa akamtazama, na usingizi ule ukamtia hofu kuliko yote aliyoyaona wiki ile. Mtu aliyeonewa halali hivyo.

*

Halmashauri ya parokia iliketi ofisini kwa Padri. Mwenyekiti, karani mstaafu aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, aliweka simu yake katikati ya meza. Kuna mtu aliyekirekodi kipande kile ukumbini. Akakicheza. Watu wakaangalia chini. Akakicheza tena.

"Tusikilize mara nyingine, tuwe na uhakika," alisema, na sauti ya Mwalimu ikaomba kwa mara ya tatu iachwe ilie.

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu," Mwalimu alisema.

"Na maneno?"

"Mwenyekiti, filamu ni filamu," Padri alidakia. Alikuwa bado kijana, mpole, mwoga wa ugomvi, na ukweli ni kwamba filamu ilikuwa imempendeza sana.

"Padri, mimi si mtoto mdogo. Papa gani anazika watoto wa watu?"

Kiongozi wa akina mama alikunja mikono juu ya mkoba wake. Alisema kwa sauti laini kabisa, ile inayotumika kumwambia mtu sketi yake imechanika. "Hakuna anayemlaumu Mwalimu. Kama amechoka, apumzike. Kuna vijana wamesomea ukatekista, wana familia, wanatafuta pa kuanzia. Nyumba ipo."

Mwalimu alitazama simu mezani, kioo chake kimezimika, akafikiria miguu ya mkewe inayovimba, na kabati lao ambalo halingepita mlango wowote wa chumba cha kupanga.

Padri alimsindikiza mpaka barazani. "Jumapili, baada ya matangazo, nitakupa nafasi," alisema, akimshika mkono. "Useme tu kwamba maneno yalikuwa ya filamu. Sentensi moja, Mwalimu wangu. Watu wenyewe wanataka kuisikia."

"Padri, unataka nidanganye altareni?"

Padri alifikiri. "Si altareni," alisema. "Utasimama pale chini, kwenye maikrofoni ya kwaya."

*

Jumamosi asubuhi Mama Mkaa alibisha hodi. Alikataa kiti, akasema atawachafulia. Vumbi jeusi lilikuwa limemwingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Akabaki amesimama mlangoni.

"Sikuja kugombana, Mwalimu. Nina swali moja."

"Karibu, mama."

"Ulipomzika mwanangu wa kwanza ulinishika bega ukaniambia siko peke yangu. Wa pili ukaniambia hivyo hivyo. Mimi maneno yale nimeyaishi. Nikichoma mkaa usiku porini nayasema. Sasa niambie: ulikuwa unanihurumia, au ulikuwa unaniona mzigo?"

Mwalimu alifungua mdomo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakujua namna ya kumwambia mwanamke aliyesimama mlangoni kwamba yote mawili ni kweli.

"Maneno ya filamu yale, mama," mkewe aliingilia kutoka ndani. "Kesho utasikia kanisani."

"Sijakuuliza wewe, dada yangu." Mama Mkaa hakusema kwa ukali. "Nina mjukuu yuko hospitali. Madaktari wanaongea na mimi huku wanatazama ukuta. Nimeshawahi kuongeleshwa hivyo, naujua mwisho wake. Nataka kujua kama nina mtu wa kumwita."

"Njoo kesho kanisani," Mwalimu alisema. Hakuweza kumtazama.

Alipoondoka, mkewe alitandaza kanzu mezani akaanza kuipiga pasi. Alipiga mkono mmoja, akapiga wa pili, na macho akiwa ameyaweka pale pale kwenye kitambaa akasema, "Ulikuwa unamsema mtoto wetu."

Mwalimu alikaa chini.

"Pale kwenye filamu. 'Mimi nikifiwa nimwendee nani.' Ulikuwa unamsema yeye."

"Siku tuliyomzika Padri alikuwa safarini," Mwalimu alisema. "Nilisoma sala zote. Nikatupa udongo. Nikawaambia watu asanteni kwa kuja. Nikageuka nikutafute, nikamkuta mtu amesimama nyuma yangu ananiambia, Mwalimu, jioni kuna mwingine. Nikaenda."

"Nilikuona ukienda." Pasi ilisimama. "Nikasema moyoni, huyu mwanamume ni jiwe. Nimepika, nimefua, nimelala na jiwe mpaka leo. Nilikuchukia, Mwalimu. Mungu anisamehe, nilikuchukia ukiwa unasali."

"Nilikuwa nangoja pafike mahali ambapo niko mimi tu, nimlilie. Hapajafika. Mpaka pale studio. Chumba kimezibwa, hakuna anayenitazama, naambiwa usinyamaze." Alishika paji la uso. "Hata pale sikulia. Nilisema tu kwamba nataka kulia."

Mkewe aliiweka pasi pembeni, akaja akakaa naye, akamwekea mkono mgongoni. Tangu siku ile ya makaburini hakuwa amempenda kama alivyompenda saa ile, na alijua pia, huku mkono ukiwa bado mgongoni kwake, kwamba atamwomba kile kile alichokuwa anataka kumwomba.

"Kesho utasema ni maneno ya filamu."

"Umenisikia niliyokwambia?"

"Nimekusikia, mume wangu. Nimekusikia yote. Lakini miguu hii hainifikishi sokoni. Tutakwenda wapi? Binti yetu anaishi chumba kimoja na wenzake. Tutalala chini ya kitanda cha nani?" Alimsogelea. "Mlilie leo. Mlilie hapa, nipo, nitakushika. Kesho useme ni filamu."

Mwalimu alijaribu. Alifumba macho, akainamisha kichwa begani kwa mkewe, akamfikiria mtoto, vidole vyake, kikohozi chake kikavu. Mkewe alianza kumbembeleza kwa kumpigapiga mgongoni taratibu. Wakakaa hivyo muda mrefu.

"Hayaji," Mwalimu alisema mwishowe.

Mkewe alirudi mezani kumalizia kanzu, akakuta pasi imekwisha kupoa.

*

Kanisa lilijaa Jumapili ile kuliko sikukuu. Padri alisoma matangazo yote kwa utulivu: mwavuli uliosahauliwa, mazoezi ya kwaya, ndoa iliyotangazwa kwa mara ya pili. Kisha akasema, "Mwalimu ana neno," akaketi haraka.

Maikrofoni ya kwaya ilikuwa imewekwa kwa kimo cha msichana wa sauti ya kwanza, na hakuna aliyekuja kuipandisha. Mwalimu aliinama. "Ndugu zangu," alisema, na watu wakashtuka kidogo, kwa sababu sasa ilikuwa sauti ya Papa.

Mkewe alikuwa benchi la mbele, mikono imeshikana. Binti alikuwa pembeni yake ameinamisha uso. Mwalimu aliwatazama wote wawili, na pengine, kama kungekuwa na hao wawili tu, angesema kweli, wakahama, wakabanana popote. Lakini macho yake yalivuka yakamfikia Mama Mkaa. Alikuwa ameosha mikono mpaka imepauka. Alikuwa amekaa wima kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

"Maneno mliyoyasikia yalikuwa ya filamu," Mwalimu alisema. "Hayakuwa yangu. Mimi sijachoka."

Padri aliomba sentensi moja. Ile ya mwisho aliiongeza mwenyewe, akimtazama yule mama.

Mwenyekiti alipiga makofi, na kanisa zima likalipuka. Kigelegele kilianzia upande wa akina mama kikavuka mpaka upande wa pili. Watu waligeukiana kwenye mabenchi kama waliotolewa mzigo kichwani. "Nilisema mimi!" walikuwa wanaambiana, hata wale ambao hawakusema. Mwenyekiti, ambaye si mtoto mdogo, alikuwa tayari anamfafanulia jirani yake kwamba kadinali kabla ya kuwa kadinali alikuwa padri, na padri anazika, sasa ajabu iko wapi? Jirani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Walikuwa wameogopa sana, maskini, kwamba siku yao ikifika atakayewashika bega atakuwa anatamani kuwa kwingine.

Misa ilipokwisha, akina mama walimzunguka mke wa Mwalimu pale uani. Kiongozi wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. "Hongera, mama! Nani angewatoa? Nyumba ile ni yenu mpaka mzeekee humo!"

Alikuwa anaitikia asante, asante, huku anamtafuta mumewe kwa macho. Alimwona hatua chache tu mbele yake, mikono yote miwili imeshikwa na Mama Mkaa.

"Nisamehe, Mwalimu," Mama Mkaa alikuwa anasema. "Nilikushuku."

"Hukukosea kitu, mama."

"Nilikosea. Nililala na kinyongo juu yako." Akamvuta karibu, sauti ikashuka. "Mjukuu wangu hafiki kesho. Wameniambia nijiandae. Tafadhali, leo usiende mbali."

"Siendi popote," Mwalimu alisema.

Akasema kwa upole, kwa ile sauti yake nzuri, na mkono mmoja akauchomoa akamwekea yule mama begani. Mkewe aliusikia kila neno. Alitaka kusogea, alitaka kumwita mumewe kwa jina lake, lakini machozi yakamtoka kwa nguvu hata akashika ukuta wa kanisa asianguke. Akina mama waliomzunguka walidhani ni furaha, wakampigia vigelegele tena.